Hedimasta na Mashine Iliyokataa Kuongea

Hedimasta alikuwa na namna yake ya kufunga mkutano wa walimu. Alipanga karatasi zake, akavua miwani, akaivaa tena, akatutazama kwa juu yake na kuuliza, "Kuna swali?" Miaka yote niliyofundisha chini yake pale Kanyakine, sikumbuki mwalimu aliyewahi kuwa na swali. Si kwamba tulikuwa tumeelewa. Ni kwamba lile swali lake lilikuwa limeshajijibu kabla halijamtoka mdomoni, na chai ilikuwa inapoa.

Alipostaafu hakuna aliyerudi kumwita jina lake. Kanisani alikuwa Hedimasta, buchani Hedimasta, na kwenye kiwanda cha kahawa hata wazee waliomzidi umri walimpisha kwenye foleni wakimwita Hedimasta. Mkewe, Mama Mwenda, alimwita Baba Mwenda siku za amani, na Hedimasta siku aliyokuwa amemkasirikia. Mimi nilikuwa jirani yao, ua wa michongoma tu katikati yetu, kwa hiyo nilijua hali ya nyumba ile kwa kusikiliza jina.

Kuhusu watoto aliamini kwamba hakuna mtoto mjinga, ila kuna mtoto ambaye hajarudia darasa. Aliyeshindwa alirudia. Aliyeshindwa tena alirudia tena, na nina hakika kuna wanaume wenye ndevu wilayani kwetu ambao wangekuwa bado darasa la nne kama Hedimasta hangestaafu. Wazazi walilalamika, lakini hawakulalamika mbele yake.

Kitu alichokichukia kuliko vyote ni uongo. Mtoto mmoja wa darasa langu alipata kusema ng'ombe amekula daftari lake. Sote tulicheka. Hedimasta hakucheka. Alivaa kofia, akashuka mteremko mpaka kwa kina yule mtoto, akaingia zizini. Alirudi na kipande cha jalada kilichotafunwa, na kesho yake akasimama mbele ya gwaride akamwomba yule mtoto msamaha kwa niaba ya shule nzima. Halafu akamwambia arudie hesabu zote. Sasa huyu ndiye mtu aliyekuja kumdanganya mwanawe wa kumzaa, na alifanya hivyo kwa sababu ya kompyuta.

Lakini kabla ya kompyuta lazima niseme juu ya ukuta. Sebule ya Hedimasta haikuwa na nafasi ya kugongea msumari. Kwetu duka likikupenda linakupa kalenda mwisho wa mwaka, na Hedimasta alipendwa na maduka yote: la mbolea, la vitabu, la saruji, hata lile la majeneza pale Nkubu. Kalenda mpya ilitundikwa juu ya ile kuukuu, maana kutupa zawadi ya mtu ilikuwa dharau. Ungeweza kuketi pale ukinywa chai ukatazamwa na maporomoko ya maji ya miaka kumi iliyopita. Na katikati ya kalenda Mama Mwenda alijaza vitambaa vya kushona kwa mkono. Alishonea redio, alishonea meza, alishonea birika, na naamini kama paka angetulia angeshonewa pia. Saa ya ukutani, iliyovalishwa kitambaa chake, ilikuwa imesimama siku nyingi, lakini Hedimasta hakuishusha. Yeye aliyemfungia lango mwalimu aliyechelewa aliishi chini ya saa iliyokufa na wala hakuliona hilo.

Mwenda, mwana wao wa pekee, alikwenda Amerika kusoma, akaoa hukohuko, akapata binti. Kwa desturi yetu binti huyo alichukua jina la mama yake baba, akaitwa Karimi. Na kwetu mtoto aliyepewa jina lako si mjukuu tu, ni wewe mwenyewe umerudi. Basi Mama Mwenda alikuwa ng'ambo, anajifunza kuongea, na hakuwa amejiona ila kwa picha, wala hakuwa amejisikia hata mara moja. Simu ya posta ilifunguliwa Karimi akiwa amelala, na Karimi akiamka posta ilikuwa imefungwa. Tena kulikuwa na jambo la masikio ya Mama Mwenda. La kushoto lilikuwa limeshalala, na daktari wa Meru mjini alikuwa amesema la kulia linafuata, polepole lakini linafuata. Mama Mwenda alitaka kumsikia Karimi kabla sikio halijafunga mlango. Hakutaka kitu kingine chochote, na alilisema jambo hilo kwa kila mtu, kwa sauti kubwa ya mtu asiyeisikia vizuri sauti yake mwenyewe.

Mwenda, badala ya kufanya kama watu wengine, alituma pesa kwa duka fulani Nairobi, na duka likaleta kompyuta. Vijana wawili waliifunga, wakaonyesha namna ya kuiwasha na kuizima, wakanywa chai, wakaondoka na haraka yao ya Nairobi. Baada ya miezi michache muumini mmoja aliyekuwa ziarani huko akaleta disketi nyeusi ya mraba. Ndani yake, Mwenda alisema, kuna sauti ya Karimi.

"Si angetuma tu kaseti?" Mama Mwenda aliuliza, mkono juu ya redio kaseti yake iliyovaa kitambaa.

"Kaseti ni mambo ya zamani," Hedimasta akasema.

"Mimi pia ni wa zamani. Tungesikilizana."

Niliitwa jioni hiyo. Nilimkuta Hedimasta ameketi mbele ya mashine amevaa koti na tai. Alitia disketi, akabonyeza alichoambiwa abonyeze, na mashine ikaandika kwamba haina kifaa cha sauti.

"Mwalimu, kuja uone hii kitu," akaniambia. "Inasema haina kifaa ya sauti. Na spika ni hizi hapa, mbili, zimewasha taa! Hii ni uongo ya mchana."

Mama Mwenda alikuwa ameinama, sikio la kulia limegusa spika. "Amesema nini?" akauliza.

Hapo ndipo nilipomjua Hedimasta, baada ya kudhani kwamba nilikuwa nimemjua. Alikisoma kitabu cha maagizo kuanzia jalada hadi jalada, pamoja na kurasa za Kichina, ambazo alizitazama kwa heshima. Aligundua orodha ndani ya mashine inayoonyesha viungo vyake vyote, na kwenye mstari wa sauti akakuta alama ndogo ya manjano ya mshangao. Alama hiyo ilimuudhi kuliko ule ububu wenyewe. "Alama ya mshangao inakuja mwisho wa sentensi," alinieleza. "Sasa hapa sentensi iko wapi? Huyu amefundishwa na nani?" Kisha akaizima mashine, akangoja, akaiwasha tena. "Acha irudie darasa," akasema.

Na kilichonikera ni kwamba kurudia darasa kulisaidia. Sauti haikuja, lakini kipanya kilichokuwa kimeganda kilifufuka, na printa iliyokuwa ikitapika karatasi tupu ilitulia. Tangu siku hiyo hungeweza kumwambia lolote. Alizima na kuwasha asubuhi, akazima na kuwasha baada ya kukamua ng'ombe. Kinu cha posho cha jirani kilipoanza kusaga, umeme ulipungua na picha kwenye skrini ikasinyaa, naye akatoka mpaka uani kumwamuru mwenye kinu asimamishe unga mpaka somo liishe. Mwenye kinu alikuwa mwanafunzi wake wa zamani. Alisimamisha.

Kulikuwa na kitu kimoja tu ambacho hakukigusa. Mbele ya kompyuta kulikuwa na kitufe, na siku ya kwanza alipokibonyeza, mashine ilitoa kidroo kirefu chembamba, ikakaa hivyo. Mama Mwenda alisema inawatolea ulimi. Hedimasta alibonyeza tena, ulimi ukarudi, na wakakubaliana kitufe hicho kiachwe. Mtu mzima hawezi kuchokoza kitu kinachomtukana nyumbani kwake.

Chuo cha kompyuta cha Meru mjini hakikusaidia. Mashine zake zilikuwa za kuchapa tu, hazina spika, na tena walikataa kuigusa disketi kwa kuogopa virusi. Hedimasta alirudi amevimba. "Wanasema kijana yangu anatuma magonjwa," akasema. Mwishowe alielekezwa kwa fundi mmoja wa Majengo, aliyekuwa akitengeneza redio na televisheni nyuma ya msikiti na sasa ameingilia kompyuta, ingawa yeye mwenyewe hakuwa nayo. Hedimasta aliifunga mashine kwa blanketi la kitanda, akaipakata kwenye pikapu ya maziwa mpaka mjini.

Fundi yule alikuwa na Kiswahili kilichotufanya sisi wengine tupunguze maneno, na kasoro yake ilikuwa moja, alijibu kabla hajauliza. "Mzee wangu," alisema, "kadi ya sauti ipo ndani. Kinachokosekana ni draiva, yaani programu inayoifundisha kompyuta kuitumia ile kadi. Kila kadi ina yake."

Hedimasta alifurahi sana. "Kwa hivyo darasa liko, wanafunzi wako, mwalimu ndiye hayuko."

"Ndivyo hasa, mzee."

"Basi tuazime mwalimu wa shule ingine."

Fundi aliazima. Alitia draiva ya kadi nyingine, na mashine ilirudi Kanyakine ikiwa bado bubu na sasa rangi zimepotea, uso wa skrini umekuwa wa kijivu na zambarau. Aliazima mwingine, kipanya kikafa kabisa. Kila safari blanketi lilipanda pikapu na kushuka, na Mama Mwenda alilala na baridi. Safari moja fundi aliuliza duka liliwapa nini pamoja na mashine. Hedimasta, ambaye hasemi jambo asilolijua, akamtajia moja baada ya jingine: kompyuta, skrini, kibodi, kipanya, printa, spika, kitabu. Ndivyo vitu vyote vilivyonunuliwa. Fundi akatikisa kichwa, akasema basi duka liliwadhulumu draiva. Hedimasta alituma mtu Nairobi kuliuliza duka, akakuta mahali pale panauzwa viatu.

Wakati huo sikio la kulia la Mama Mwenda lilikuwa halingoji fundi. Nilianza kuona kwamba ukimsalimia kwa nyuma hageuki. Alikuja kwangu siku moja kuazima chumvi, tukaongea, na nikagundua kwamba anajibu maswali ambayo sijauliza. Nilimrudisha kwake nimemshika mkono, na sikutania lolote siku hiyo.

Ndipo Mwenda akapiga simu posta. Hedimasta alikwenda, akarudi, akasimama upande wake wa michongoma na kofia mkononi.

"Mwalimu, nimesema uongo."

Nilidhani sijasikia vizuri.

"Ameuliza kama mama yake amesikia mtoto. Amenunua mashine ya pesa mingi hivyo, ningemwambia nini? Nikasema amesikia. Sasa akauliza, na ile swali ya mwisho alijibu nini?"

"Ukasema?"

"Nikasema alijibu vizuri."

"Kwani mwisho kuna nini?"

"Ndio hiyo sijui," akasema, na kwa mara ya kwanza nikamwona Hedimasta akiwa amesimama kama mtoto aliyeitwa ofisini. Nilimwonea huruma, kisha nikaingia ndani nikacheka mpaka nikakaa chini. Siwezi kusema nilifanya vibaya, maana yeye mwenyewe angenirudisha darasa kama ningesema sikucheka.

Baada ya hapo aliamua kwamba mgonjwa amechoka kusafiri na daktari ndiye aje. Fundi wa Majengo akaletwa Kanyakine Jumamosi moja alasiri, na mimi nikaitwa kusaidia kuandaa chai. Kulikuwa na mandazi, nduma, na mukimo kwenye sufuria kubwa ya wageni. Lakini kwa Hedimasta huwezi kunywa chai kabla ya maombi, na maombi yake hayakuwa mafupi. Alianza na serikali, akashukia mvua, akaingia kwa wagonjwa mmoja mmoja kwa majina. Sote tuliinamisha vichwa na kufumba macho. Fundi alikuwa Mwislamu. Alikaa kwa adabu, mikono magotini, akingoja, macho wazi, na kwa kuwa hakuwa na la kufanya akaanza kutazama ukuta.

Nilisikia anavuta pumzi. Nikafungua jicho moja. Fundi alikuwa ameduwaa, anatazama juu ya kichwa cha Hedimasta, baina ya kalenda ya saruji na ile ya mbolea. Pale palining'inia pambo ambalo nami nilikuwa nimelisifu mara nyingi, kisahani chembamba kinachong'aa, chenye tundu katikati. Mama Mwenda alikishonea kitambaa cheupe kuzunguka ukingo, na kwenye tundu akapitisha ua jekundu la uzi. Jua la alasiri lilipoingia dirishani, kilitupa rangi zote za upinde wa mvua mpaka darini. Kilikuja na kompyuta, ndani ya bahasha. Vijana wa duka hawakusema neno juu yake, na Hedimasta alituelezea kwamba Nairobi siku hizi hawatoi kalenda za karatasi. Zawadi haihesabiwi pamoja na kilichonunuliwa, kwa hiyo hakuwa amekitaja kwa fundi hata siku moja. Upande wenye maandishi ulikuwa umeutazama ukuta, maana upande mzuri ndio unaoonyeshwa wageni.

Sala ilikuwa bado kwa wajane. Fundi alivumilia, na nitamheshimu kwa hilo mpaka nife. Hedimasta aliposema amina, fundi akanyoosha kidole.

"Mzee wangu, kile mlichokivalisha sweta ni draiva yenu."

Hedimasta aligeuka polepole, akatazama ukuta, akavua miwani, akaivaa tena. Mama Mwenda, ambaye hakuwa amesikia kitu, alidhani fundi anausifia ushonaji wake, akasema kwa sauti yake kubwa kwamba akitaka atamshonea na yeye kimoja.

Kukata zile nyuzi kulihitaji mazungumzo marefu kuliko sala. Mama Mwenda alikubali baada ya kuelezwa sikioni, tena na tena, na alizifumua yeye mwenyewe kwa ncha ya sindano asiharibu ua. Fundi akabonyeza kile kitufe. Ulimi ukatoka. Akaweka kisahani juu yake, ulimi ukarudi, mashine ikanguruma, ikauliza maswali, ikazimwa na kuwashwa. "Irudie darasa," Hedimasta alinong'ona. Mara spika zikapiga kengele ndogo, na yule mzee aliyefundisha nusu ya tarafa yetu akaruka kwenye kiti akamwaga chai yake.

Mama Mwenda alipiga magoti, sikio kwenye spika. Fundi alipandisha sauti mpaka mwisho, na sote tukasikia mtoto akimsalimu bibi yake kwa Kimeru kilichofundishwa kwa haraka, "Muga, shosho. Mimi ni Karimi." Akaimba wimbo ambao sikuujua. Mbwa akabweka mahali fulani. Kisha mtoto akauliza, "Shosho, unanisikia?" Kukawa kimya. Mwenda alikuwa ameacha nafasi ile makusudi, ya mama yake kujibu. Tulisikia mtoto anapumua, anangoja. Halafu akasema, "Haya, kwaheri, shosho."

Mama Mwenda alikuwa analia na kumlaumu mumewe kwa pamoja, kwa hiyo nafasi ikapita bila jibu. "Hedimasta, mwambie arudie!" akapiga kelele. Mara ya pili alikuwa tayari. Mtoto alipouliza, alijibu pale pale penye kimya, "Nakusikia, Karimi. Nakusikia, mama." Na Hedimasta akatoka nje kuangalia ng'ombe ambaye hakuwa na shida yoyote.

Mwaka uliofuata nilihamishwa kwenda shule moja ya Kibugu, kule Embu kwenye majani chai, na sikurudi Kanyakine ila likizo. Likizo ya mwisho nilipopita kwao, nilimkuta Hedimasta mlangoni. Aliniambia kabla sijakaribishwa kwamba sikio la kulia nalo limefunga. Sasa anaongea na mkewe kwa mikono na kwa kumwandikia ubaoni, ubao mdogo wa shule, na mkewe akijibu kwa chaki anamsahihishia makosa.

Kisahani kilikuwa kimerudi ukutani, kimevaa kitambaa chake. Umeme wa kwetu ukikatika vibaya mashine husahau kila ilichofundishwa, na mwalimu wake huteremshwa kuanza upya. Ndiyo maana Mama Mwenda alikuwa amekitengenezea kitambaa kipya chenye vifungo vya shati. Aliniona nikitazama, akacheka, akanionyesha namna ya kukivua na kukivisha.

"Jana umeme ulipotea," Hedimasta akasema. Akafungua vifungo, akaweka kisahani kwenye ulimi bila kuogopa, akazima, akawasha. Mama Mwenda alikuja bila kuitwa, akavuta kiti. Hakuinamisha sikio. Aliweka kiganja chake juu ya spika, akafumba macho. Karimi akasalimu, akaimba, mbwa akabweka, na vidole vya Mama Mwenda vikawa vinatetemeka kidogo pamoja na spika. Mtoto akauliza swali lake. Spika ikatulia. Mama Mwenda akahisi ule utulivu mkononi, akafungua macho.

"Nakusikia, Karimi," akasema kwa nguvu. "Nakusikia, mama."

Nilimtazama Hedimasta, yule aliyeteremka mpaka zizini kutafuta ukweli mdomoni mwa ng'ombe. Alivua miwani, akaipangusa kwa shati, akaivaa tena, akanitazama kwa juu yake.

"Mwalimu," akasema, "kuna swali?"

Nikamwambia hakuna.